Kikombe cha Chini ya Sinki

Nilimwahidi bibi yangu, mama yake baba, kwamba kabla ya adhana ya magharibi angetawadha peke yake kwenye sinki lake, na kwamba fundi asingeingia tena bafuni mwake na viatu. Niliitoa ahadi hiyo Jumamosi asubuhi, kipande cha hamri kikiwa mkononi, kwa ile sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa na darasa zima. Bibi aliiweka bilauri yake ya chai mezani, akasema, "Haya. Mwalimu ashasema."

Sina budi kueleza sinki lenyewe, la sivyo ahadi ile itaonekana ndogo kuliko ilivyokuwa. Naishi na bibi katika ghorofa ya kwanza ya nyumba ya mawe, huku Mji wa Kale, tangu nilipomaliza chuo cha ualimu na kupata kazi ya kufundisha sayansi katika shule moja ya Tononoka. Magoti yake hayakunjiki tena kama zamani, na mikono yake hutetemeka akishika kitu kizito. Birika lililojaa maji hawezi kuliinua. Lakini sinki la bafuni lilitundikwa chini kidogo kuliko kawaida, kwa kimo chake, na mbele yake pana kiti cha plastiki. Akiketi hapo na kuegemeza viwiko ukingoni, hufungua mfereji mwenyewe, akaosha viganja, akasukutua, akaosha uso na mikono, akapaka maji kichwani na masikioni. Miguu huimalizia kwa kopo dogo, maji yakienda zake kwenye tundu la sakafuni. Mara tano kwa siku hufanya hivyo bila kumwita mtu. Mambo mengi ameshawaachia wengine: kwenda sokoni, kukuna nazi, kushuka ngazi kumfungulia mgeni. Hilo hakumwachia mtu.

Sasa sinki lilikuwa limeziba, na haikuwa mara ya kwanza. Mara ya kwanza shangazi yangu, binti yake bibi anayeishi Tudor, alileta fundi. Fundi yule aliingia bafuni na viatu vyenye matope ya kichochoroni, akakanyaga pale pale bibi anapoweka miguu akijitoharisha, akaingiza waya, akavunja vigae viwili, akaondoka. Mara ya pili alirudi na waya mnene zaidi. Maji yalishuka kwa mwezi mmoja hivi, halafu yakaanza tena kuzubaa ndani ya sinki. Ijumaa ile jioni hayakushuka kabisa; isha na alfajiri bibi alitawadha vivyo hivyo, maji yakisimama ndani ya sinki.

Shangazi alipopata habari kwa simu, alitoa uamuzi wake bila kupandisha sauti. "Kesho baada ya alasiri naja kumchukua. Hapa kwangu hakuna ngazi, na nina mtu wa kumtawadhisha."

Bibi aliomba simu. "Mimi sijawa maiti wa kuoshwa," alisema, kisha akanirudishia simu bila kuaga. Katika nyumba yetu hata anayegombana huaga. Nilijua basi kwamba jambo hili limefika mahali pengine.

Msomaji anaweza kuuliza sinki lililoziba lina uhusiano gani na mtu kuhamishwa nyumbani kwake. Uhusiano ulikuwa huu: sote tuliamini kwamba anayeliziba ni yeye. Bibi alikuwa na kazi yake ya tangu usichana, kutunga asumini kwa ajili ya maarusi wa mtaani, na maua, tulivyojua sisi, aliyaosha ndani ya sinki lile. Tena hupenda kujipaka usoni liwa, ule msandali uliosagwa kwa maji, na liwa, kama ajuaye anavyojua, huacha tope. Shangazi aliyaunganisha hayo na umri wake akapata hesabu iliyomtisha. "Mama anasahau," alikuwa akisema. "Leo ameangusha maua kwenye bomba, kesho ataliacha jiko likiwaka."

Sitaki kumtwisha shangazi mzigo wote. Baada ya sinki kuziba mara ya pili, mimi mwenyewe niliketi na bibi sebuleni nikamchorea kwenye karatasi jinsi bomba linavyoziba: huku uzi, huku petali, huku nywele. Nilizungumza kwa upole na kwa mpangilio. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akaikunja karatasi, na tangu siku ile hakutunga asumini tena. Wajumbe wa maarusi walikuja mlangoni mara mbili wakarudi mikono mitupu. Mimi nililihesabu hilo kuwa tunda la elimu.

Na nilikuwa na dawa yangu pia. Nilipohamia tu, nilipoona maji yanashuka kwa uvivu kidogo, nilianza kulitibu bomba kila Ijumaa jioni. Nilimimina vijiko vinne vya magadi makavu kwenye tundu la sinki, kisha birika la maji ya moto. Huku kwetu kila nyumba ina maji ya aina mbili. Yako maji matamu, yanayoletwa kwa mkokoteni katika madumu, ya kunywa na kupikia. Na yako maji ya kisima, ya chumvi, ya kufulia na kuogea. Kumwaga maji matamu kwenye bomba la uchafu ni ufujaji ambao hakuna mtu wa Mji wa Kale angeufanya na akalala vizuri. Kwa hivyo nilichemsha maji ya kisima. Sinki lilipoziba mara ya kwanza, niliongeza magadi yakawa vijiko sita. Lilipoziba mara ya pili, nikafikisha vinane.

Jumamosi ile nilianza kazi mara baada ya chai. Niliyateka kwa kopo maji yaliyosimama ndani ya sinki, nikabakisha kiasi cha kufunika tundu, nikaziba kwa kitambaa kibichi kile kitundu cha juu kinachozuia maji kufurika, kwa sababu kisipozibwa hewa yote hutorokea huko na nguvu hupotea bure. Kisha nikaweka mpira wa kuzibulia juu ya tundu nikasukuma na kuvuta, mara ishirini, mara thelathini. Maji yalipanda yakiwa meusi na kushuka yakiwa meusi. Bibi alileta kiti chake mlangoni, akaketi kunitazama.

"Wasukuma kama mtu anayetwanga kisamvu," alisema.

"Kisamvu huwa kinaiva, bibi."

"Hiki hakitaiva. Fungua chini."

Alisema kweli. Chini ya kila sinki, mahali bomba linapopinda, pana kikombe cha plastiki kinachobakisha maji kidogo ili harufu ya mtaro isipande. Uchafu mzito wote hutua hapo. Kikombe kile hufungwa kwa kuzungushwa, kama kifuniko cha chupa, na huhitaji kuwa fundi ili kukifungua. Fundi wetu wa kwanza na wa pili, ambaye ni yule yule mmoja, hakuwahi kukigusa. Aliamini waya wake. Nami nilikuwa nimekipita kila Ijumaa, nikiinama juu yake na kijiko mkononi.

Kilikuwa kimekaza. Nikashuka kwa mpangaji wetu wa chini kuazima spana. Huyu ni mtu wa bara, Mkristo, anafanya kazi katika reli, na dari lake ndilo linalopokea maji sinki letu linapofurika, hivyo habari ya bomba letu ilimhusu kwa haki kabisa. Alichukua spana akapanda nami. Kwenye kizingiti cha bafu alivua kandambili zake bila kuambiwa.

"Bibi, hodi. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Mwalimu amesomesha watoto wamekwisha, sasa yuwasomesha bomba."

"Na bomba limefaulu?"

"Limebakia darasa lile lile."

Mpangaji alipiga magoti, akaangalia kikombe, akaiweka spana sakafuni. "Hii ni plastiki, mwalimu. Ukiipiga spana itapasuka. Funga kitambaa kikavu, shika kwa mikono yako miwili, uzungushe polepole. Na weka ndoo kwanza."

Niliweka ndoo. Nilifunga kitambaa, nikashika, nikazungusha mpaka viganja vikawaka moto. Kikombe kililia, kikalegea, na maji meusi yakamwagika ndani ya ndoo kwa harufu iliyoturudisha nyuma mimi na mpangaji. Nikafurahi mno. Na katika furaha ile nilifanya jambo ambalo ninaliandika hapa kwa sababu nimejiwekea sharti la kuandika yote: niliinuka na ndoo, nikaimwaga ndani ya sinki.

Sinki lisilo na kikombe halina mahali pa kupeleka maji isipokuwa miguuni. Yalitumwagikia mimi na mpangaji, yakatambaa sakafuni yakikimbilia tundu.

"Mwalimu," alisema mpangaji, akitazama vidole vyake vya miguu, "mimi nilibatizwa zamani. Haya ya leo ni ya nini?"

Bibi alicheka mpaka akajifuta macho kwa upindo wa leso. Ilikuwa ni mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu jioni ya jana. Mpangaji naye alicheka, akaosha miguu, akatuachia spana "ya kutishia tu", akaenda kuwahi zamu yake.

Ndipo nilipogeuza kikombe kukiangalia. Nilitarajia maua. Nilikuwa nimeshajiandaa hata maneno ya kumwambia bibi bila kumwumiza. Lakini kilichokuwamo ndani kilikuwa bonge gumu la rangi nyeupe yenye majivu, kubwa kama yai la kuku, na kuta zote za kikombe zilikuwa zimeganda ukoko wa rangi ile ile, kiasi kwamba pale pa kupita kidole gumba pasingepita penseli. Nililigonga bonge kwa mpini wa kijiko likavunjika vipande viwili. Ndani mlikuwa na matabaka: nyeupe, kijivu cha sabuni, nyeupe, kijivu, nyeupe tena. Nywele zilikuwamo, chache. Nyuzi za kutungia zilikuwamo mbili, fupi kuliko ukucha. Petali hata moja haikuwamo.

Rangi ile nyeupe niliijua. Kila mwaka, nikifika kwenye somo la maji, huwa naingia darasani na glasi ya maji ya kisima na pakiti ya magadi. Maji yanaonekana safi. Natia magadi, nakoroga, na maji yote hugeuka kama maziwa. Wanafunzi hupiga kelele ya mshangao, nami huwaeleza kwamba visima vyetu vimechimbwa katika mawe ya matumbawe, na maji yake yamebeba chokaa isiyoonekana, na magadi huitoa mafichoni. Kisha huwaambia waisubiri. Baada ya muda ile nyeupe hushuka chini ya glasi, na maji yakimwagwa huacha ukoko. Nimeisema sentensi hiyo ubaoni kwa sauti yangu mwenyewe, na Ijumaa ya juma lile lile nimerudi nyumbani nikaifanya ndani ya bomba la bibi, nikaongeza vijiko.

Nilitaka kuwa na hakika. Nilikwenda jikoni nikaleta ndimu, nikaikata, nikaikamua juu ya kipande kimoja. Kipande kilitoa povu.

"Jiwe lachemka bila moto," alisema bibi kutoka mlangoni. "Ni nini hilo?"

"Ni chokaa, bibi."

Uso wake ulibadilika. "Chokaa? Nami kutafuna tambuu kwa chokaa niliacha kabla baba yako hajaoa! Sasa mtasema nala tambuu kwa siri?"

"Si yako, bibi," nilisema. "Ni yangu. Ni yale magadi ya Ijumaa na maji ya kisima. Yakikutana huzaa jiwe. Nalijua jambo hili. Nalifundisha."

"Kwa hivyo wewe ndiwe uliyekuwa ukijenga ukuta humo ndani," alisema. "Na ile karatasi uliyonichorea?"

"Karatasi ile ilikuwa ya makosa."

"Nimeiweka kabatini, chini ya leso zangu. Nilisema mjukuu wangu amechora vizuri."

Niliendelea kukwangua kikombe kwa kijiko, na chokaa haikutoka. Akanisogelea na kiti chake hadi karibu.

"Sikiza. Shangazi yako asijue. Nitamwambia yalikuwa ni maua. Mimi ni mtu mzima, haitaniongezea wala haitanipunguzia. Wewe watu wakuita mwalimu."

"Akisikia ni maua atakuchukua."

"Nitamkatalia."

"Utamkatalia kwa hoja gani?"

Na mimi, naona haya kusema, sikumkatalia bibi papo hapo. Kwa kitambo kifupi niliupenda ule mpango wake. Nilimwona shangazi akicheka, nikaziona sura za binamu zangu, nikauona ule ukweli wangu ukizunguka mtaani kutoka baraza moja hadi nyingine. Halafu adhana ya adhuhuri ikaanza, na sinki lilikuwa limetawanyika sakafuni vipande vipande.

Basi ilinibidi nimtawadhishe. Nilijaza jagi, nikasimama karibu naye, akanyoosha mikono. Sijawahi kumwagia mtu mzima maji kwa kusudi hilo, na nilimwaga kwa haraka. Maji yakamwingia mikononi mwa kanzu yake mpaka kwenye makwapa. "Polepole," alisema, "mimi si mche wa kumwagiliwa." Nilipunguza. Alipofika usoni alifumba macho, akasubiri maji yaje bila kujua yatakuja lini, na mashavu yake yakawa yanaruka kidogo kabla sijamimina, kila mara, mara zote tatu. Hakulalamika. Alipomaliza alisema ahsante, kwa adabu, kama anavyomwambia mtu baki. Bibi hajawahi kuniambia ahsante kwa namna ile. Nikasimama na jagi tupu nikafikiria mara tano kwa siku, kila siku, Tudor.

Baada ya swala nilitoka. Mpira wa duara unaokaa kati ya kikombe na bomba ulikuwa umepasuka, na bila mpira mzima kikombe kingevuja. Niliutia mfukoni ule wa zamani nikakata kupitia Biashara Street, penye maduka ya leso, wanawake wakijadiliana rangi mlangoni, hadi duka moja la vifaa upande wa Mwembe Tayari. Muuzaji aliupokea mpira wangu, akauweka juu ya mipya mmoja mmoja mpaka ukalingana.

"Umekuja na wa zamani," alisema. "Wengi huja na vidole." Akanionyesha duara kwa kidole gumba na cha shahada. "Ati, 'nipe wa hivi.'"

Nikapita dukani kununua chupa mbili za siki, nikarudi. Njia nzima nilikuwa nikitunga sentensi ya kumwambia shangazi. Ya kwanza ilikuwa hii: "Maji ya kisima yana madini yaliyoganda ndani ya bomba." Ilikuwa sentensi ya kweli, safi, na hakukuwa na mtu ndani yake. Niliirudia mara kadhaa nikaona inavyopendeza. Kisha nikajiuliza ni sentensi ngapi za aina hiyo nimewahi kuzisikia kutoka kwa watu wakubwa, katika mikutano na katika redio, na jinsi nilivyokuwa nikizichukia chuoni. Barabara imeharibika. Dawa zimekwisha. Nyumba imeanguka. Nilipofika mlangoni kwetu nilikuwa nimeiacha.

Kazi iliyobaki ilinyooka. Nilikilaza kikombe ndani ya siki, kikaimba kwa povu kwa karibu saa nzima. Nikasugua kwa mswaki mkuukuu, nikalaza tena, mpaka plastiki ikaonekana. Bomba linaloingia ukutani nililitazama kwa tochi: ukoko ulikuwapo mdomoni tu, nao niliumalizia kwa siki niliyoloweka kwenye kitambaa. Nikaweka mpira mpya, nikakaza kwa mikono bila spana. Nikafungua mfereji. Tone likaning'inia chini ya kikombe, likaanguka, likafuatwa na jingine.

"Lavuja," alisema bibi.

"Naona, bibi."

"Nakuonyesha tu."

Niliweka ndoo, nikafungua tena. Mpira una upande bapa na upande uliochongoka kidogo, na mimi nilikuwa nimeupindua. Nikaugeuza, nikakaza, nikapanguza kila kitu kikauka, nikapitisha karatasi kavu chini ya maungio. Karatasi ilitoka kavu. Nikaziba tundu, nikajaza sinki hadi ukingoni, nikazibua. Maji yalizunguka, yakachimba shimo katikati, yakaondoka yote kwa mkoromo mmoja. Nilijaza tena. Yakaondoka tena. Nilijaza mara ya tatu kwa sababu ya raha tu.

Alasiri bibi aliiswali kwa udhu ule ule wa adhuhuri, na mara baada yake shangazi alibisha hodi. Alikuwa na mkoba mkubwa wa safari, mtupu, umekunjwa kwapani. Alivua viatu, akambusu mama yake mkono, nami nikamwamkia.

"Marahaba. Fundi amekuja?"

"Hapana, shangazi. Nimelizibua mwenyewe. Maji yanakwenda."

"Yatakwenda mpaka lini? Safari hii kulikuwa na nini?"

"Yalikuwa ni maua yangu," alisema bibi upesi, kabla sijafungua kinywa. "Nilisahau nikayaosha humo. Lakini sirudii."

Shangazi alishusha pumzi, akaanza kuukunjua mkoba. Haikuwa kwa ukali. Ninaamini alikuwa na huzuni. "Unaona, mama? Ndiyo hayo ninayoyasema."

Nilikwenda bafuni nikaleta kisahani nilichoweka lile bonge lililovunjika, nikakiweka mezani mbele yake. "Shangazi, hakuna ua hapa. Tazama. Bibi hajaziba bomba, leo wala siku zile nyingine. Ni mimi. Kila Ijumaa nilikuwa nikimimina magadi na maji ya kisima, na vitu viwili hivyo vikikutana hugeuka chokaa. Kila lilipoziba niliongeza. Bibi anasema uongo ili kunisitiri."

Shangazi alikishika kipande kimoja, akakigeuza, akakigonga mezani. Kikatoa sauti ya jiwe.

"Wewe?" alisema. "Na chuo chote kile? Na cheti kimetundikwa pale ukutani, wageni wakija waonyeshwe?"

"Ndiyo, shangazi."

"Mwalimu wa sayansi!"

"Ndiyo."

Alicheka, kicheko kirefu cha kejeli nilichokuwa nimekiogopa tangu adhuhuri, na nikagundua kwamba kinavumilika. Akaondoka akaenda bafuni. Tulimsikia akifungua mfereji, akaufunga, akaufungua tena. Aliporudi kicheko kilikuwa kimekwisha. Alisimama mbele ya mama yake.

"Mama, kama si wewe, mbona hukusema?"

"Nilisema," alijibu bibi. "Mara ya kwanza nilisema maua nayaosha ndani ya bakuli, kisha bakuli ndilo nalimwaga sinkini, kichungi nimeshika. Nilisema hapo hapo ulipoketi. Mkaambiana kuwa nimesahau."

Nilikumbuka. Alisema kweli, aliisema sentensi ile, neno kwa neno, na mimi nikatabasamu kwa heshima, na lilipoziba tena nikachukua kalamu ya kuchorea bomba. Nilikuwa nimekiri kosa la magadi kwa kifua mbele, nikidhani hilo ndilo kosa lenyewe. Magadi yalikuwa ni ujinga, na ujinga unasugulika kwa siki. Lile jingine, la kumsikia mtu akieleza ukweli wake na kuuandika kuwa dalili ya uzee, sikuwa nimelikiri kwa mtu yeyote. Nikamwomba bibi radhi kwa hilo, nikilitaja kwa jina, mbele ya shangazi. Aliniambia niache kulia lia, ingawa sikuwa nikilia.

Shangazi hakuomba radhi kwa maneno. Aliukunja mkoba wake, mara mbili, mara nne, akaukalia. Akauliza kama kuna chai. Baadaye, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, alisema kwamba jirani yake Tudor ana binti anayeolewa, na kwamba asumini ya dukani siku hizi haina harufu. Bibi akasema ataona.

Adhana ya magharibi ilipotoka msikiti wa karibu, bibi aliinuka kwa kushika meza, akakataa mkono wangu, akakataa na wa shangazi, akaingia bafuni akafunga mlango. Tulibaki sebuleni tukiyasikiliza maji: yalifunguliwa, yakafungwa, yakafunguliwa, na katikati hapakuwa na sauti ya mtu kuita.

Naandika haya kwa kuwa najua nyumba nyingi zina mtu kama bibi, na zina mtu kama mimi, mwenye elimu na nia njema na kijiko cha magadi. Ombi langu ni hili. Ukisikia mzee wa nyumbani kwenu akilaumiwa kwa kitu kilichoharibika, nenda kamwulize yeye kwanza, uketi, umsikilize mpaka amalize. Akikwambia si yeye, mwamini, hadi utakapokuwa umeweka ndoo, ukafungua kwa mikono yako, na kutazama kilichomo ndani. Tafadhali fanya hivyo.